Kikapu Namba Moja

Katika nchi ya Uwandani, ambayo msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani kwa kuwa mpima ramani wa mwisho alifika akaambiwa arudi Jumatatu, furaha ilianzishwa kwa sheria ya bunge. Sheria hiyo ilikuwa na vifungu kumi na vinne. Kifungu cha kwanza kilitamka kwamba wananchi wana furaha. Cha pili kiliagiza ijengwe bustani ya kuonyeshea furaha hiyo. Vifungu kumi na viwili vilivyobaki vilihusu mpangilio wa viti siku ya ufunguzi.

Bustani ya Furaha ya Taifa ilijengwa ukingoni mwa mto Kitoja, penye tope na mbu wengi, kwa sababu moja tu: ng'ambo ya mto ilikuwapo nchi jirani ya Mwangoni, na furaha isiyoonwa na jirani ni kazi bure. Yaliletwa magari ya kugongana, farasi wa mbao wa kuzunguka, treni ya watoto, na juu ya yote gurudumu la chuma lenye kimo cha mita arobaini na moja na vikapu thelathini na viwili vya kupakia watu. Mwangoni wakati huo hawakuwa na gurudumu. Walikuwa na hospitali.

Siku ya ufunguzi, Mlezi Mkuu wa Taifa alipanda kikapu namba moja. Nyuma yake walipanda mawaziri, na nyuma ya mawaziri wakapanda wanakwaya wa shirika la posta. Gurudumu likazunguka. Sasa, gurudumu lina tabia moja ambayo waliouza hawakuitaja kwenye mkataba: haliwezi kumpandisha mtu bila kumshusha mwingine. Dakika ya tatu, Mlezi Mkuu alikuwa chini, na kileleni alikuwa Bi. Penina, sauti ya kwanza, aliyevaa viatu vyekundu. Mpiga picha wa gazeti la serikali akafanya kazi yake. Kesho yake picha ilitoka ukurasa wa mbele, nayo ilionyesha, kuanzia juu kwenda chini: soli za Bi. Penina, mawaziri kumi na mmoja, na Mlezi Mkuu.

Mhariri akapewa likizo ambayo hadi leo haijaisha. Bi. Penina akahamishiwa kituo cha posta kilicho bondeni kuliko vyote nchini. Kisha ikatoka Amri ya Vimo, isemayo kwamba hakuna raia atakayekaa juu kuliko Mlezi Mkuu, awepo au asiwepo. Kikapu namba moja kikapandishwa kileleni, gurudumu likakazwa breki.

Wananchi hawakukatazwa kulipanda, mradi lisizunguke. Kwa majuma kadhaa walikuja, wakapangwa vikapuni kwa vyeo: makatibu wakuu juu, wakuu wa wilaya katikati, na wasio na vyeo kwenye kikapu kinachogusa nyasi. Walikaa humo nusu saa, wakashuka, wakasaini daftari kwamba wamefurahi. Kwenye magari ya kugongana iliamriwa kwamba mdogo ampishe mkubwa, na kwa kuwa hakuna Mwanauwandani asiyehofia kuwa aliye mbele yake ni mkubwa, magari yote yalisimama yakipishana mpaka umeme ukakatwa. Kwenye farasi wa mbao yalizuka mabishano juu ya nani yuko mbele. Iliundwa tume kutafuta mwanzo wa duara. Inasemekana bado inakutana.

Mwaka ulipokwisha, hakuna aliyekuja tena. Nyasi ziliota kwenye reli ya treni ya watoto, popo wakahamia kwenye chumba cha tiketi. Lakini Bustani haikufungwa, maana Uwandani haifungi kitu ilichokifungua. Kila asubuhi redio ya taifa ilitangaza kwamba Bustani iko wazi na wote mnakaribishwa.

*

Mtu mmoja tu aliendelea kwenda. Huyu alikuwa Hamdani Shekue, fundi mkuu wa gurudumu, mtu mwembamba, makini, asiyeamini jambo mpaka alipime. Mkewe Siwema alikuwa akimwuliza kama leo kuna joto, naye huenda kwanza kuangalia kipimajoto, kisha hujibu. Kwa miaka kumi na tisa alifika kazini saa moja na nusu, akapanda ngazi, akazitia grisi beringi sitini na nne za gurudumu lisilozunguka, akashuka.

Hamdani alisomea kazi hiyo ng'ambo za mbali, miezi tisa, pamoja na mwenzake Nestori Kapinga. Katika mtihani wa mwisho Hamdani alipata themanini na saba. Nestori alipata sitini na moja.

"Na hiyo sitini na moja," Hamdani alikuwa akieleza, "ni kwa kuwa alikaa dawati la nyuma yangu."

Waliporudi, ilikuwa mvua. Pale uwanja wa ndege palikuwa na waziri na mwavuli, na aliyekuwa karibu na mwavuli ni Nestori. Akaushika, akamfunika waziri hadi garini, yeye mwenyewe akalowa chapachapa. Tangu siku hiyo hakugusa tena spana. Alichukuliwa Idara ya Itifaki, akapanda cheo, akapanda kingine, mpaka akawa ndiye mtu anayesimama nyuma ya Mlezi Mkuu kwenye picha, upande wa kushoto, akitazama viatu vya wageni.

Hamdani hakuwa na wivu. Hilo alilisema mwenyewe, tena mara nyingi. Aliweka kumbukumbu tu. Alijua kwamba Nestori amesafiri nje mara arobaini na tatu, kwamba nyumba yake ina madirisha ishirini na sita, na kwamba mawili kati ya hayo yamepinda.

"Baba Zuhura," Siwema alimwambia jioni moja, akimpakulia, "jina la mtu huyu unalila asubuhi na jioni. Mchuzi wangu utaula saa ngapi?"

"Simsemi kwa ubaya. Nasema hii ni safari ya arobaini na tatu."

"Umehesabu."

"Redio ndiyo imetangaza. Mimi nimejumlisha."

"Haya, jumlisha na wali huo. Kijiba cha roho hakishibishi."

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Siwema alilijua na nchi nzima haikulijua. Mwaka wa tatu wa Amri ya Vimo, mwezi wa sita, Hamdani alipata njia ya kulizungusha gurudumu bila kuvunja sheria.

Sheria za Uwandani zasema picha ya Mlezi Mkuu ni Mlezi Mkuu mwenyewe. Kila ofisi inayo ukutani, na chumba cha serikali kisicho na picha huhesabiwa kuwa kimempindua. Mtu mmoja alipiga chafya mbele yake pale posta, akatakiwa aiombe radhi kwa maandishi. Basi Hamdani alifikiri hivi: ukipigilia picha kwenye dari ya kila kikapu cha abiria, abiria hata akifika kileleni, juu yake yuko Mlezi Mkuu. Kikapu cha Mlezi Mkuu mwenyewe hakihitaji, maana yeye yumo. Thelathini na mbili toa moja: picha thelathini na moja, kila moja misumari sita, kwa kuwa kikapu hutikisika. Lilikuwa wazo safi, na lilitosha nusu ukurasa.

"Sasa si uwapelekee," Siwema alimwambia siku ile.

"Wataniuliza."

Alingoja waulize. Mtu wa themanini na saba haendi kugonga milango ya watu. Miaka kumi na sita ikapita.

*

Kisha Mwangoni wakajenga gurudumu.

Lilikuwa na mita arobaini na sita, na lilizunguka. Lilizunguka likiwa na watu, na watu hao walipiga vigelegele vilivyovuka mto Kitoja bila pasipoti. Kutoka roshani ya ikulu lilionekana lote. Mlezi Mkuu alikuwa akinywa chai.

"Kile ni nini?" aliuliza.

"Upepo, Mtukufu," akajibu mshauri.

Mlezi Mkuu akanywa mafunda mawili. "Upepo huo una watu ndani."

Siku hiyo chai haikuisha, na kwa juma zima mapazia ya upande wa mto hayakufunguliwa. Serikali ikatoa taarifa fupi: "Serikali haioni wivu. Inaona gurudumu." Siku ya nane ukatangazwa Mpango wa Taifa wa Kuhuisha Furaha. Gurudumu la Uwandani lizunguke likiwa na watu ndani ya siku tisini, pasipo kuvunjwa kwa Amri ya Vimo. Mkurugenzi Mkuu wa Mpango huo, kwa ujuzi wake wa magurudumu alioupata ng'ambo, angekuwa Bw. Nestori Kapinga. Akishindwa, atapangiwa kazi nyingine.

Hamdani aliisikia habari hiyo akiwa juu ya ngazi, redio ikiwa mfukoni. Aliimaliza beringi aliyokuwa akiitia grisi. Kisha akashuka na kukaa kwenye nyasi kwa dakika kumi na saba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya saa za kazi.

Nestori alifika na magari sita. Alikuwa amenenepa na alinukia vizuri. Akamkumbatia Hamdani mbele ya watu wote, na mkono wa shati lake ukaingia grisi.

"Shekue, ndugu yangu. Kumbe bado upo?"

"Nipo. Umepaki juu ya mfereji."

"Bwana, hujabadilika." Nestori aliinua macho kutazama gurudumu, akayashusha upesi. "Hivi, ile breki ya dharura iko upande gani?"

"Ule ulioandikwa breki ya dharura."

Wasaidizi wakacheka, Nestori naye akacheka. Baadaye, walipobaki wawili, alishusha sauti. "Nisikilize, fundi. Nina siku tisini, na tatu zimeliwa na hotuba. Wewe umekaa na chuma hiki miaka yote. Huna wazo lolote?"

Hapa ndipo palipokuwa pa kusema. Alikuwa ameulizwa, kama alivyotaka kuulizwa, tena kwa upole. Lakini aliyeuliza alikuwa Nestori. Hamdani aliuona mbele yake ule nusu ukurasa ukisomwa redioni kwa jina la mtu wa sitini na moja.

"Mimi ni mtu wa grisi tu, mheshimiwa," alisema.

*

Nestori akaunda kamati ya wataalamu kumi na tisa, wakakaa kwenye hema lenye feni. Mtaalamu wa kwanza alishauri gurudumu lizungushwe bila watu, akaambiwa kwamba amri inataka watu. Wa pili alishauri Mlezi Mkuu apande na asishuke tena. Akashukuriwa, akaondolewa. Wa tatu alitaka gurudumu lilazwe ubavu ili wote walingane, lakini hilo lingerudisha shauri la farasi wa mbao, na ile tume ilikuwa bado haijaleta taarifa. Wa nne alileta mchoro wa gurudumu linalopanda tu.

Siku ya sitini ikapita. Nestori alianza kukonda, na Hamdani, aliyekuwa akimtazama kutoka kwenye ngazi, alikadiria kilo tano. Hesabu hiyo ilimfurahisha kwa siku mbili. Siku ya tatu alitupa jicho kwenye gurudumu, akakumbuka kwamba Nestori akishindwa, breki itabaki pale pale, na yeye amebakiza miaka minne astaafu.

"Unataka nini hasa?" Siwema alimwuliza. "Gurudumu lizunguke, au Kapinga aanguke?"

"Vyote viwili."

"Chagua kimoja, mume wangu. Miguu miwili haipandi ngazi mbili."

Hamdani hakuchagua. Alitafuta utaratibu. Angemwandikia Mlezi Mkuu moja kwa moja. Lakini Uwandani kila barua ya mtumishi huandikwa "Kupitia kwa" mkuu wake, na mkuu wake alikuwa Nestori. Hamdani alizisoma kanuni za utumishi kutoka jalada hadi jalada, juma zima, na akakuta karatasi moja tu isiyopita kwa mkuu: Fomu ya Tuhuma, ya kumshtaki mkuu mwenyewe. Hiyo hutumbukizwa kwenye sanduku jekundu la posta na kufika ikulu siku hiyo hiyo, kwani ndiyo barua pekee inayosomwa kwa hamu.

Fomu ilikuwa na sehemu mbili, jina la mhusika na maelezo. Chini, kwa herufi nzito, iliandikwa: Mtoa tuhuma asijitaje kwa namna yoyote, kwa usalama wake. Akijitaja, tuhuma ni batili. Hamdani akaijaza kwa mwandiko wa kupendeza. Jina la mhusika: Nestori Kapinga. Maelezo: Anazuia kupigiliwa kwa picha ya Mtukufu kwenye dari ya kila kikapu cha abiria, jambo ambalo lingeliwezesha gurudumu kuzunguka kihalali, kwa misumari sita kila picha.

Kulingana na hesabu zake, wapelelezi wangekuja kuuliza wazo limetoka kwa nani, na hapo angeeleza. Alikuwa amesahau jambo moja, yeye asiyesahau jambo: kule ikulu fomu husomwa na mtu mwenye haraka.

Siku mbili baadaye redio ya taifa ilikatiza kipindi cha kilimo. Mlezi Mkuu amependezwa sana na wazo la kupigilia picha darini, na amemtunuku aliyetajwa, Bw. Nestori Kapinga, Nishani ya Ubunifu, Daraja la Pili.

Siwema aliizima redio. Alimtazama mumewe kwa muda, kisha akaenda kumchemshia maji ya tangawizi bila kusema neno, na hilo lilimwuma Hamdani kuliko tangazo.

*

Nestori mwenyewe hakuelewa, lakini mtu wa itifaki hakatai kinachovishwa shingoni mwake. Aliagiza picha zichapishwe, akaandika oda kwa mkono wake: picha thelathini na mbili.

Hamdani aliisoma oda mara tatu. "Thelathini na mbili," alisema.

"Kila kikapu, ndugu yangu."

"Hata namba moja?"

"Unataka nikiache kikapu cha Mtukufu bila picha ya Mtukufu?" Nestori akacheka, akimpiga begani. "Ni chumba cha serikali hicho. Nitafungwa, bwana."

Hoja ilikuwa nzuri kisheria. Ilikuwa mbovu kwa kila namna nyingine, na Hamdani aliliona hilo kama anavyoona nyufa kwenye chuma. Sentensi moja ingetosha. Aliishika mdomoni, akaionja.

"Kama ulivyoandika, mheshimiwa," alisema, akaenda kuchukua nyundo.

Siku ya themanini na tisa, Bustani ilijaa watu. Nyasi zilikuwa zimefyekwa upande unaoonekana na ikulu. Baada ya hotuba tano, ambazo kila moja ilieleza kwamba itifaki imezingatiwa, Mlezi Mkuu alipandishwa kwa ngazi za zimamoto hadi kileleni, akaingia kikapu namba moja pamoja na Nestori mwenye nishani. Vikapu vingine vikajazwa wananchi waliopigiwa kura. Hamdani alisimama kwenye kibanda cha mtambo, mkono kwenye wenzo, redio ya mawasiliano na kikapu namba moja ikiwa mbele yake.

Akalegeza breki. Chuma kililia sauti ya miaka kumi na tisa, kisha gurudumu likaanza kwenda.

Lilizunguka. Hamdani aliona vikapu vikipanda, mitandio ikipepea, mama mmoja muuza mihogo akiwa na wanawe wawili kikapu cha kumi na nne akicheka huku ameziba uso. Kwa mzunguko wa kwanza na wa pili hakumkumbuka Nestori hata kidogo. Hakupima chochote. Baadaye, alipoulizwa na mkewe ilikuwaje, alisema hajui kipimo chake.

Katika mzunguko wa tatu Mlezi Mkuu aliegemea, akainua uso apate upepo. Sauti yake ikafika kibandani.

"Yule ni nani?"

"Wapi, Mtukufu?"

"Yule aliye juu yangu."

"Ni wewe, Mtukufu," sauti ya Nestori ilisema.

"Mimi niko hapa."

Kikapu cha kumi na nne kilipita kibandani, mtoto akapunga mkono.

"Ana nywele nyingi," Mlezi Mkuu alisema.

"Ni picha ya mwaka ule wa kwanza, Mtukufu."

"Anacheka. Anamcheka nani?"

"Hamcheki mtu, Mtukufu. Ni tabasamu."

"Mwambie ashuke."

"Amepigiliwa misumari, Mtukufu."

Sauti ya Mlezi Mkuu ikasema neno moja, na Hamdani akakaza breki. Mizunguko mitatu na robo. Mlezi Mkuu akashushwa kwa uangalifu. Waliobaki juu waliteremshwa kwa ngazi za zimamoto, ili gurudumu lisizunguke tena hata kwa inchi moja. Muuza mihogo alipofika chini aliwaambia waliomzunguka kwamba ameona mpaka kwao Mwangoni, mpaka bati la nyumba ya mama yake. Akaambiwa asirudie maneno hayo.

*

Tume ya Kuchunguza Nani Alikuwa Juu ya Nani ilikaa katika chumba cha tiketi, chini ya popo. Mwenyekiti alikuwa Jaji Mstaafu Mahimbo, mzee aliyesikia kwa sikio moja na kuhukumu kwa yote mawili.

Nestori alisimamishwa wa kwanza. "Waheshimiwa, kwa heshima zote, wazo hili si langu."

"Una nishani yake shingoni," jaji alisema.

"Nilidhani ni ya utumishi wa muda mrefu."

"Imeandikwa Ubunifu."

Nestori aliigeuza nishani akaisoma, kana kwamba huenda imebadilika.

Hamdani aliitwa kama shahidi mdogo, wa breki tu. Aliulizwa kama breki ilishika, akasema ilishika kwa sekunde nne nukta mbili, akaambiwa anaweza kwenda nyumbani. Siwema alikuwa akimngoja mlangoni na kapu la sokoni. Hamdani alishafika karibu naye jaji alipoanza kumsomea karani hitimisho.

"Andika. Kosa hili, litakaloitwa Wazo la Kapinga katika vitabu vya sheria, na litakalofundishwa kwa jina hilo katika vyuo vyote vya utumishi, kizazi hadi kizazi..."

Hamdani akasimama.

"Twende, Baba Zuhura," Siwema alisema kwa sauti ya chini. Akamshika mkono wa shati. "Twende, tafadhali."

"...Wazo la Kapinga la picha thelathini na mbili..."

"Thelathini na moja," Hamdani akasema.

Chumba kizima kikageuka. Siwema akauachia ule mkono.

"Nani amesema hivyo?"

"Mimi, mheshimiwa. Wazo lilikuwa picha thelathini na moja. Thelathini na mbili ni kosa la mtu asiyesoma neno 'abiria'."

"Wewe umelijuaje wazo?"

"Ni langu. La mwaka wa tatu wa Amri, mwezi wa sita."

Jaji alimgeuzia sikio zima. "Kwa hiyo ulijua kwamba kikapu namba moja hakitakiwi picha. Na ulipomwona mkurugenzi akiiagiza, ulimwambia?"

Hamdani alifikiri. Angeweza kusema hakuiona oda. Lakini aliisoma mara tatu, na jambo ni jambo.

"Niliona afadhali akosee," alisema.

Nestori alikuwa ameshainuka, uso umemng'aa kama mtu aliyefunguliwa pingu. "Waheshimiwa, ni kweli. Ni lake. Lote kabisa. Mimi hata hesabu sijui, ulizeni chuoni, huyu alinizidi alama ishirini na sita."

Hamdani alimgeukia polepole. "Rudia."

"Nini?"

"Hilo la mwisho. Karani hakuandika."

"Alinizidi alama ishirini na sita," Nestori akarudia, na karani akaandika.

*

Hukumu ilikuwa miaka mitatu na kazi ngumu. Lakini ikatokea shida. Ng'ambo ya mto gurudumu la Mwangoni lilikuwa bado linazunguka, na mapazia ya ikulu hayawezi kufungwa milele. Wanasheria wakakaa, wakaja na ufumbuzi: gurudumu la Uwandani nalo lizunguke kila siku, saa tatu hadi saa kumi, bila mtu yeyote ndani. Picha zote zing'olewe. Kazi ngumu ya mfungwa itakuwa kuliendesha. Nestori Kapinga akapangiwa kazi nyingine, ambayo ilikuwa kusimama langoni na kuwazuia wageni.

"Umejifunga kwa mdomo wako mwenyewe," Siwema alimwambia siku ya kwanza ya kumletea chakula.

"Wameliandika jina langu."

"Kwenye hati ya kifungo."

"Linasomeka vizuri," Hamdani alisema, na mkewe akamwona anatabasamu, akashindwa aanze kulia au ampige na bakuli.

Alikuwa na gurudumu lake. Alilizungusha asubuhi hadi alasiri, vikapu thelathini na viwili vitupu, na nje ya wavu alisimama Nestori juani, bila mwavuli. Miezi miwili Hamdani alilala usingizi ambao hakuwahi kuulala.

Huko Mwangoni, rais wao aliliona gurudumu lisilo na watu. Akauliza ni kwa nini. Akaambiwa kwamba Uwandani ni nchi ya heshima hata hajapatikana raia anayestahili kulipanda. Rais wa Mwangoni hakulala siku hiyo, na kabla ya mwezi kuandama wananchi wake wakashushwa wote. Sasa magurudumu mawili yalizunguka yakitazamana, mto katikati, bila sauti ya mtu.

Ndipo Hamdani alipoanza kusikia. Vigelegele vilipokwisha, ilibaki milio ya chuma peke yake, na mlio ulikuwa mmoja. Akasimamisha la kwake, akasikiliza. Akaliwasha tena. Siku hiyo hakugusa chakula. Kesho yake saa nne alitoka kibandani, akaenda hadi kwenye wavu.

"Kapinga."

Nestori alishtuka. Tangu kifungo kianze hawakuwa wamesemezana. "Nini, Shekue?"

"Sikiliza ule upande wa pili."

Nestori akatega sikio. "Sisikii kitu."

"Basi. Halilii. Lina mita arobaini na sita na halilii hata kidogo. La kwetu linalia kila linapofika robo."

Nestori alitazama ng'ambo kwa muda mrefu, mikono miwili ikiwa imeshika wavu. Upande ule, kwenye kibanda cheupe chenye kivuli, mtu mmoja mdogo kama nukta alikuwa amekaa, amekunja miguu.

"Wanatumia grisi gani wale?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa nzito.

"Sijui."

"Na amekaa kwenye kiti cha kuegemea."

"Nimekiona."

Nestori akatema mate kwenye nyasi. Hamdani alimtazama, kisha akaufungua mlango wa wavu, akausogeza kando mkebe wa grisi uliokuwa kwenye benchi lake.

"Ingia ukae," alisema. "Kutoka hapa anaonekana vizuri zaidi."